Kuzuia magonjwa ya tumbo yanayotoka kwa mifugo: mwongozo kamili kwa nyumba yenye banda

"Maziwa tunachemsha, mikono tunanawa, mbona watoto bado wanaharisha?"

Swali hili nimeulizwa Kibosho, nimeulizwa Tengeru, na wanaouliza si wachafu wala si wavivu. Wanachemsha kweli. Tatizo ni kwamba maziwa yakishachemka yanarudishwa kwenye ndoo ileile ya kukamulia, mikono inanawiwa kwenye beseni ambalo watu watatu wameshalitumia, na kuku wanaendelea kupita katikati ya jiko. Kimelea kinauawa motoni, kisha kinaletwa upya na ndoo, mkono au kiatu.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye sufuria. Unaanzia kwenye mpaka kati ya banda na jiko. Kwenye kihamba cha Moshi, yaani shamba linalozunguka nyumba, au kiwanja cha Arusha ng'ombe yupo hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni, na kinachovuka hapo huvuka na samadi, hata kama huioni.

## Unapambana na nini

Wasumbufu wakubwa ni wanne. Kampilobakta anatoka hasa kwa kuku na kwenye maziwa mabichi. Salmonela yumo kwa kuku, vifaranga na mayai, na pia kwa ng'ombe na nguruwe. Ipo aina ya bakteria wa E. koli inayotoa sumu, ambayo makazi yake ni utumbo wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wa nne ni kriptosporidia, na huyu chanzo chake kikubwa nyumbani ni ndama mchanga.

Mnyama aliyebeba vimelea hivi mara nyingi ni mzima kabisa. Ng'ombe mwenye E. koli wa sumu anakula, anatoa maziwa, manyoya yanang'aa. Kusema "ng'ombe wangu haumwi" hakumlindi mtoto.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni muda. Kampilobakta huanza kuuma siku 2 hadi 5 baada ya kuingia mwilini, E. koli wa sumu siku 3 hadi 4, kriptosporidia wastani wa wiki moja. Kwa hiyo ukianza kulaumu chakula cha jana usiku, utamlaumu asiyehusika. Rudi nyuma wiki nzima: nani alikamua, kuku alichinjwa lini, ndama alizaliwa lini.

Na taifodi? Bakteria wa taifodi huishi kwa binadamu peke yake. Hatoki kwa ng'ombe wala kuku, na chanjo yake haizuii magonjwa ninayoyazungumzia hapa. Nalisema mapema kwa sababu familia nyingi hutibiwa "taifodi" mara kwa mara huku vifaranga wakilala chini ya meza ya chakula.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Viatu vya banda, buti za mpira au hata makubazi yanayooshwa, jozi moja kwa kila anayeingia bandani
- Koti au kanga ya kazi ya banda tu
- Dumu la lita 5, kamba, msumari, vijiti na sabuni ya kipande, kwa ajili ya kibuyu chirizi (dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu)
- Chombo cha kukamulia cha alumini au chuma kisichoshika kutu
- Chombo cha pili chenye mfuniko, cha maziwa yaliyochemshwa tu
- Vitambaa vyeupe vya kuchujia, angalau viwili, ili kimoja kikiwa juani kingine kitumike
- Ndoo ya maji ya kunywa yenye mfuniko na koki
- Vibao viwili vya kukatia na visu viwili
- Mbao na wavu wa kuku
- Mkeka mkubwa unaofulika
- Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki, viwepo nyumbani kabla mtu hajaumwa

Kama fedha hazitoshi vyote, anza na vitatu: kibuyu chirizi, viatu vya banda na chombo cha pili cha maziwa. Hivyo vitatu vinazuia mengi kuliko vilivyobaki vyote.

## Hatua ya 1: Weka mpaka

Simama mlangoni mwa jiko, utazame banda. Chagua sehemu moja tu ya kuingilia na kutokea bandani. Tandaza mawe, kokoto au ubao mpana hapo, upana wa kutosha mtu kusimama na kubadilisha viatu. Piga misumari ya kutundikia koti. Hapo ndipo viatu vya banda vinapolala, upande wa banda. Ndara za nyumbani zinakaa upande wa pili.

Sababu yake ni matope. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, samadi na udongo wa mfinyanzi wa mlimani vinakuwa uji mmoja, na kiatu kimoja kinabeba kinyesi cha kutosha kuchafua sakafu nzima anayotambaa mtoto. E. koli wa sumu haihitaji wingi; vimelea vichache, chini ya mia moja, vinaweza kumwangusha mtoto mdogo.

Majembe, reki na ndoo ya samadi havivuki mpaka huu. Beseni la kuogea mtoto lisitumike kamwe kunyweshea ndama, hata siku moja ya dharura, kwa sababu dharura ya leo ndiyo desturi ya kesho.

Utajua mpaka unafanya kazi siku ambayo mvua imenyesha na sakafu ya jiko haina alama hata moja ya tope la bandani.

## Hatua ya 2: Tundika kibuyu chirizi kwenye mpaka, usikiweke chooni peke yake

Nyumba nyingi zina sehemu ya kunawia karibu na choo. Ni vizuri, lakini anayetoka kukamua hapiti chooni, anapita moja kwa moja jikoni. Weka cha pili hapa.

Pasha msumari moto, toboa dumu upande, sentimita kumi na mbili hivi chini ya mdomo. Pitisha kijiti kwenye mkono wa dumu, ukitundike kwenye vigingi viwili vyenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishushe hadi kwenye kijiti cha chini unachokanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Toboa kipande cha sabuni, kitundike kwa kamba pembeni ili kuku wasikidonoe. Chini weka kokoto, maji yasitengeneze tope jipya.

Maana ya kukanyaga kwa mguu ni kwamba mkono mchafu haugusi kitu ambacho mkono msafi utakigusa baadaye. Koki ya kawaida unaifungua kwa mkono wa samadi na kuifunga kwa mkono ulionawa.

Nawa kwa sabuni sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kucha za mkamuaji ziwe fupi. Kausha kwa hewa. Kile kitambaa cha pamoja kinachoning'inia mlangoni kinarudisha ulichokiondoa.

Onyo kuhusu vitakasa mikono. Jeli za spiriti tulizozizoea wakati wa UVIKO haziwezi kuua kriptosporidia, na mkono wenye samadi hazifanyi kazi vizuri hata kwa bakteria. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo dawa. Ukikosa sabuni, jivu safi ni afadhali kuliko maji matupu.

Ukiona sabuni inaisha na inabidi kutundika nyingine, hongera. Sabuni isiyopungua maana yake kituo ni pambo.

## Hatua ya 3: Kamua maziwa safi tangu mwanzo

Moto unaua vimelea, lakini maziwa yaliyoingiwa na samadi nyingi yanachacha haraka na yanachafua kila chombo yanachopitia kabla ya kufika motoni.

Ondoa samadi nyuma ya ng'ombe kwanza, usubiri vumbi litulie. Nawa. Osha chuchu na kiwele kwa maji safi ya vuguvugu, kisha *kausha* kwa kitambaa safi. Wengi huosha na kuishia hapo, halafu maji machafu yanatiririka kwenye kiwele na kudondokea ndooni. Kiwele kilichooshwa bila kukaushwa kinaweza kuwa kibaya kuliko kile ambacho hakikuguswa.

Michirizi ya kwanza ya kila chuchu itoe kwenye kikombe cheusi, si sakafuni. Ukiona mabonge au damu, maziwa ya chuchu hiyo hayaingii ndooni, na mtaalamu wa mifugo aitwe.

Ng'ombe akipiga teke na kinyesi kikaingia ndooni, kuchuja hakuokoi kitu. Unatoa nyasi, kimelea kinapita. Maziwa hayo yamwagwe. Najua yanauma kumwaga, hasa kwa mama anayetegemea lita hizo kulipa ada.

## Hatua ya 4: Chemsha, na uyalinde yakishachemka

Hapa ndipo penye makosa mengi.

Weka maziwa kwenye sufuria nzito, koroga ili yasishike chini, subiri hadi yainuke na kutaka kufurika. Punguza moto, yaache yachemke dakika moja au mbili huku ukikoroga, kisha epua. Povu linaloonekana pembeni kabla ya maziwa kuinuka si kuchemka. Viwandani maziwa hupashwa hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15 na yanatosha, kwa hiyo ukiyainua kweli umeshapita kiwango hicho.

Watu wa mlimani huniuliza kama moto wao unatosha, kwa kuwa maji huchemka mapema juu kuliko bondeni. Moshi mjini maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, Marangu karibu 95. Bado ni moto wa kutosha sana kwa vimelea hivi vyote.

Sasa fuatilia yanakokwenda. Yamiminwe kwenye chombo cha pili, kile kisichowahi kuingia bandani. Kikombe cha kuchotea kiwe cha maziwa haya tu. Mwiko uliokoroga maziwa yakiwa mabichi uoshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kugusa yaliyochemka, au uachwe ndani uchemke pamoja nayo. Funika. Poza upesi kwa kuweka chombo ndani ya beseni la maji baridi. Bila friji, yasiyonyweka ndani ya saa chache yachemshe tena.

Kibuyu cha maziwa kinastahili maneno yake. Kwa Waarusha na Wamasai kibuyu kinafukizwa kwa kijinga cha moto, na maziwa yake yana harufu tamu isiyopatikana kwingine. Kufukiza kunasaidia maziwa kukaa, lakini hakuhesabiwi kuwa ni kuchemsha. Ndani ya kibuyu kuna vinyweleo na pembe ambazo brashi haizifikii. Kitumie kwa maziwa yaliyochemshwa, kioshwe kwa maji yanayochemka, kikaushwe kabisa kabla ya kufukizwa.

### Mtindi na loshoro

"Ule uchachu si unaua vijidudu?" Unavipunguza, hauvimalizi. E. koli wa sumu anavumilia uchachu kuliko wenzake, na amewahi kuumiza watu kupitia vyakula vichachu. Maziwa mabichi yaliyoachwa yagande yenyewe yanabaki kuwa maziwa mabichi.

Fanya hivi: chemsha maziwa, yapoze hadi yawe vuguvugu kiasi kwamba kidole kinavumilia, weka vijiko viwili vitatu vya mtindi mzuri uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, koroga, funika, weka sehemu yenye joto usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yameganda mazito, laini, yenye uchachu safi. Loshoro (chakula cha mahindi na mtindi) ya mtindi huu ina ladha yote, na mtoto anaweza kuila.

Kama yana harufu ya kuoza, yamevimba kwa mapovu au yana rangi ya ajabu, yamwage na uanze na mtindi mwingine wa kugandishia.

### Kuongea na wazee

Bibi aliyelea watoto wanane kwa maziwa ya moto kutoka kiweleni hatakubali kuambiwa maziwa yake ni sumu, na si heshima kumwambia hivyo. Sema, "Shikamoo bibi. Naomba haya ya mtoto tuyachemshe kwanza, tumbo lake bado halijazoea." Ni kweli tupu. Waliokua na ng'ombe wamepata kinga kidogo kwa kuambukizwa mara kwa mara. Mtoto mchanga, mjamzito, mwenye VVU na mgeni hawana kinga ya kutosha. Desemba, wajukuu wanapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi, wao ndio huanza kuharisha siku ya tatu au ya nne huku wenyeji wakiwa wazima. Watu husingizia kubadili maji. Mara nyingi walionja maziwa, au walicheza na ndama.

## Hatua ya 5: Mtenge ndama, hasa wiki nne za kwanza

Ndama anapendwa na watoto kuliko mnyama yeyote bandani. Anawalamba vidole, wanamwachia kwa furaha, kisha vidole vinaingia mdomoni.

Ndama wa umri wa wiki moja hadi tatu ndiye kiwanda cha kriptosporidia. Akiharisha, uharo wake wa maji una vimelea vingi mno, na vina ganda gumu linalodumu kwenye unyevu kwa miezi. Klorini haiviui, si ya kutibu maji wala ya kufulia. Vinachokiogopa ni joto na ukavu.

Kwa hiyo:

1. Mweke ndama kwenye kibanda chake chenye sakafu kavu, matandiko yabadilishwe kila siku. Usimlaze jikoni kwa sababu ya baridi. Mfunike gunia huko huko alipo.
2. Mpe maziwa ya kwanza ya mama yake, yale mazito ya njano, ndani ya saa chache za mwanzo. Ndama aliyeyapata vizuri anaugua kidogo.
3. Ndoo ya kumnyweshea iwe yake peke yake. Imwagie maji yanayochemka, kisha iache juani hadi ikauke kabisa.
4. Watoto walio chini ya miaka mitano wamtazame kutoka nje ya uzio. Wakubwa wakimhudumia, wanawe pale mpakani kabla ya kugusa kitu kingine.
5. Akiharisha, mtu mzima mmoja tu amhudumie, na awe wa mwisho kuhudumiwa baada ya wanyama wengine. Huyo mtu asipike siku hiyo kama kuna mwingine wa kupika.

Banda la ndama lililofanikiwa halina harufu kali, matandiko yakikanyagwa hayatoi maji, na mkia wa ndama ni msafi.

## Hatua ya 6: Kuku watoke jikoni

Nafahamu kwa nini kuku wanalala ndani: wezi, vicheche na baridi. Lakini kinyesi cha kuku ndicho kilicho karibu zaidi na mdomo wa mtoto, kwa sababu kiko sakafuni, kinavutia kwa rangi, na kidole cha mtoto anayetambaa kinakifikia kwanza.

Jenga banda la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye wavu imara na kufuli, karibu na dirisha la chumba cha kulala ili kelele za usiku zisikike. Mlangoni mwa jiko weka kageti kafupi ka mbao. Mtu anavuka, kuku havuki. Nimeona nyumba nyingi zikifunga kuku usiku na kuwaachia mchana wapite sebuleni, na hiyo ni kazi bure.

Vifaranga wa kununua, wale wanaowekwa ndani ya boksi na taa au jiko la mkaa, wasiwekwe chumba wanachokula watu. Wanavutia kushikwa na kubusiwa, na salmonela anawapenda sana. Mkaa nao kwenye chumba kilichofungwa unaua watu kwa hewa yake. Hilo pia ni sababu ya kuwatoa.

Siku ya kuchinja, chinja na kunyonyoa nje. Utumbo utolewe bila kupasuka, na ukipasuka nyama ioshwe mara moja. Oshea ndani ya chombo kirefu, si chini ya bomba lenye nguvu linalorusha matone kwenye kachumbari iliyo pembeni. Kibao na kisu cha kuku mbichi visiguse nyanya wala vitunguu vya kuliwa vibichi. Hapo ndipo sherehe nyingi zinapoharibika: kuku ameiva vizuri, kachumbari ndiyo iliyoambukiza.

Kuku ameiva pale ambapo maji yanayotoka kwenye paja karibu na mfupa hayana wekundu. Mayai yapikwe hadi kiini kishikane, hata kwenye chipsi mayai. Yai bichi kwenye maziwa, ambalo mgonjwa anapewa "apate nguvu", lina hatari kuliko faida. Yai lenye ufa litumike kwa kupikwa siku hiyohiyo au litupwe.

## Hatua ya 7: Mpe mtoto anayetambaa eneo lake

Tandika mkeka mkubwa mahali penye kivuli, upande ulio mbali na banda, na uzungushie kizuizi cha mbao ambacho kuku hawezi kukipita. Ufue na kuuanika juani mara kwa mara. Mtoto kula udongo ni kawaida ya umri wake, hivyo usitegemee kumkataza; panga asiufikie udongo wenye kinyesi.

Dada au bibi anayemlea akitoka bandani, anawa kabla ya kumbeba. Kanga ya kukamulia haimbebi mtoto.

## Hatua ya 8: Maji ya mfongo si maji ya kunywa

Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaopita kihambani, umeshapita kwenye vihamba vingine juu yako, na ng'ombe wa huko wamekunywa na kujisaidia. Utumie kwa migomba.

Ya kunywa yachemshe hadi yachemke kwa nguvu dakika moja. Juu ya mita 2,000 yape dakika tatu. Vidonge vya klorini vinaua kampilobakta, salmonela na E. koli, ila kriptosporidia inapona, kwa hiyo kwa nyumba yenye ndama chagua kuchemsha. Hifadhi kwenye ndoo ya koki. Kikombe kinachotumbukizwa ndooni na kila mpita njia kinafuta kazi yote.

## Hatua ya 9: Samadi ilale kabla ya kwenda bustanini

Kwa migomba na kahawa haina shida. Shida ni mboga zinazoliwa mbichi: karoti, nyanya zinazogusa ardhi, kabichi ya kachumbari, saladi. Samadi mbichi iwekwe shambani angalau miezi minne kabla ya kuvuna mboga za namna hiyo.

Njia bora ni kurundika na majani ya migomba, ukigeuza rundo mara kadhaa ili kila sehemu ipate joto. Chomeka chuma katikati usubiri dakika chache. Kikitoka cha moto kiasi kwamba huwezi kukishika kwa muda, rundo linafanya kazi. Samadi iliyoiva inanukia udongo wa msituni, na huwezi kutambua nyasi zake. Lundo liwe chini ya kisima au chemchemi kwa mteremko, kamwe lisiwe juu yake.

## Hatua ya 10: Nyama

Nyama ya kibudu isiliwe. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa na damu isiyoganda puani au sehemu ya haja, anaweza kuwa na kimeta, na mikoa yetu ya kaskazini imewahi kupata milipuko yake. Asichunwe wala kupasuliwa, maana hewa inawafanya vimelea wajigeuze mbegu zinazodumu ardhini kwa miaka mingi. Ita afisa mifugo wa kata. Kuipika sana hakuifanyi kuwa salama, kwa kuwa anayeichuna na kuikata anaweza kuwa ameshaambukizwa kabla ya sufuria kuchemka.

Kitimoto kiive hadi katikati kusiwe na wekundu, na kinunuliwe kilichokaguliwa. Vijifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama ni watoto wa tegu. Nguruwe hupata tegu kwa kula kinyesi cha binadamu, kwa hiyo nguruwe wafungiwe na kila mtu atumie choo.

Supu zenye damu, kisusio kikiwemo, zichemke hadi damu ibadilike rangi yote.

## Hatua ya 11: Mtu akishaugua

Anza na ORS mara anapoharisha mara ya kwanza. Soma pakiti, kwani zipo za nusu lita na za lita moja. Ukikosa, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja: kisizidi chumvi ya machozi. Kimwagwe baada ya saa 24.

Mtoto chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kwa kijiko polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, na chakula kisikatwe. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14; chini ya miezi sita, miligramu 10.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona:

- damu kwenye choo
- macho yaliyozama, kulia bila machozi, kulegea
- kutapika kila kitu, au homa kali
- kuharisha zaidi ya siku saba, au siku yoyote kwa mtoto wa chini ya miezi sita, mjamzito au mwenye VVU

Usinunue flajili wala dawa za kufunga tumbo kabla ya kupimwa. Kama ni E. koli wa sumu, dawa za kufunga tumbo zinamfungia sumu ndani, na baadhi ya antibayotiki zinaweza kuongeza hatari ya figo kushindwa kufanya kazi, hasa kwa watoto. Dalili za figo kushindwa huja takriban wiki moja baada ya kuharisha kuanza, wakati mwingine tumbo likiwa limeshatulia: mtoto anapauka, anakojoa kidogo sana, uso unavimba. Huyo apelekwe hospitali kubwa bila kusubiri kesho. Kwa Moshi ni KCMC au Mawenzi, kwa Arusha ni Mount Meru.

Mwambie daktari bila kuulizwa: "Nyumbani tuna ng'ombe, kuna ndama wa wiki mbili, na maziwa tunakunywa hivi." Omba choo kipimwe. Kipimo cha damu cha taifodi peke yake hakitaonyesha hata kimoja kati ya vimelea hivi, na cha kawaida cha choo huweza kuikosa kriptosporidia kama mpimaji hakuambiwa aitafute.

Nyumbani, nguo na matandiko ya mgonjwa yafuliwe peke yake kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Aliyeugua asikamue, asipike wala asilishe mtoto hadi saa 48 zipite tangu kuharisha kukome. Kriptosporidia huendelea kutoka kwenye choo hata baada ya mtu kupata nafuu, kwa hiyo asiingie kwenye bwawa la kuogelea wala kuoga mtoni kwa wiki mbili zaidi.